Sanduku la Barua la Marehemu

Débora Kalenga alibandika orodha mlangoni saa mbili asubuhi bila kuisoma. Ilikuwa na majina arobaini na mawili, mashine ndiyo iliyoyaandika, naye alikuwa na nguo za kufua nyumbani. Angepitisha macho dakika moja tu, angeliona jina la kumi na saba, angelikata kwa kalamu, na siku hiyo isingemwagika damu. Hakupitisha.

Orodha ilibandikwa kila Jumatatu kwenye mlango wa kontena la chama cha wavuvi hapo Nchelenge, hatua chache kutoka ufukoni. Ndani ya kontena kulikuwa na seva ya barua pepe, betri nne za sola na feni moja. Wavuvi wa Mununga, wa Chienge na wa Kafutuma walipata majibu ya leseni zao kupitia seva hiyo. Jina likionekana mlangoni maana yake ilikuwa moja: sanduku lako limefunguliwa, barua imefika, njoo usome.

Jina la kumi na saba lilikuwa la Jairos Mutale. Jairos alikuwa mume wa Débora. Alizama mwanzoni mwa Januari akivusha abiria kutoka kisiwani, na hii ilikuwa wiki ya sita tangu wamzike.

Zamani Débora alifungua kila folda, yaani sanduku la barua la mwanachama, kwa mkono. Mwanachama mpya akiandikishwa, yeye aliketi mbele ya seva akamtengenezea folda yake, na kama hakuitengeneza, barua ilifika, ikakosa pa kuingia, ikarudi ilikotoka. Mwezi wa Desemba alisahau folda thelathini. Mwenyekiti wa chama, ba Kunda, alimsema mbele ya watu kwamba diploma yake ya Lubumbashi haifai hata kufunikia chungu. Kesho yake Débora aliongeza mistari minne kwenye mipangilio ya seva. Tangu hapo barua ikifika kwa jina lililomo kwenye daftari la wanachama, na jina hilo halina folda, seva iliijenga yenyewe, ikaitia barua ndani, ikaliandika jina kwenye orodha ya Jumatatu. Alifurahi sana siku ile. Alimwambia binti yake kwamba sasa mashine inafanya kazi na yeye analala.

Folda ya mume wake aliifuta siku ya nne baada ya mazishi. Jina lake kwenye daftari hakuligusa, maana hakuruhusiwa. Kwa ukoo wa Jairos, jina la marehemu hulala mpaka siku ya kupyanika, siku ukoo unapomkalisha mtu mwingine kwenye mkeka na kumpa jina hilo alibebe. Kabla ya siku hiyo halifutwi, hapewi mtu, wala haliamshwi kwa kazi yoyote. Ba Kunda aliuheshimu utaratibu huo, akaagiza jina libaki daftarini likisubiri mrithi. Lakini mashine haijui kusubiri. Iliona jina, ikaona halina folda, ikaona barua. Ikajenga.

Ziwa lilikuwa limefungwa mpaka Machi ili samaki wazae, kwa hiyo wanaume wote walikuwa ufukoni bila kazi. Waliisoma orodha polepole, kidole juu ya karatasi. Webby Mutale, mdogo wa marehemu, aliisoma mara mbili. Nyuma yake mtu mmoja akasema, "Kaka yako iko na barua, Webby. Kule chini reseau inashika kuliko huku." Watu wakaucheka huo mtandao wa kaburini.

Kicheko hicho kilimwingia Webby kuliko jina lenyewe. Kwa wiki tatu alikuwa anamwomba Débora injini ya boti ya marehemu, na kwa wiki tatu Débora alimjibu kwamba mali hazigawanywi kabla ya siku ya ukoo. Sasa aliona jibu la yote. Mwanamke amemwamsha Jairos, amemfungulia sanduku, anamtumikisha gizani, ndiyo maana haogopi mtu. Webby hakuwa anaigiza. Aliamini. Mtu anaweza kuamini na kutaka injini kwa wakati mmoja.

Akachomoa kasia kwenye mtumbwi uliokuwa karibu. Waliomcheka wakaacha kucheka, wakamfuata.

*

Aliyefika kwanza nyumbani kwa Débora alikuwa Pierrette, muuza dagaa, Mkongomani mwenzake aliyevuka naye ziwa miaka ile ya vita. Alifika amebeba viatu mkononi. Alieleza kwa haraka: jina la Jairos liko mlangoni, Webby anakuja na watu kama ishirini, wana makasia, apite nyuma kwenye mihogo amchukue na mtoto.

Débora alikamua shati, akalitundika kambani. Alisema kwamba hiyo ni folda tu. Barua imekuja, seva imejenga folda, atawaeleza.

"Utaeleza nani?" Pierrette akauliza. "Bale hawakuje kusoma, Débora. Banakuja kupiga."

"Nikikimbia watasema ni kweli."

"Na usipokimbia?"

Débora akatundika shati la pili. Alikuwa mwanamke aliyezoea kwamba kitu kikielezwa vizuri kinaeleweka. Alifuta mikono, akamwambia binti yake Blessings, mwenye miaka kumi na mitatu, aingie ndani asitoke. Blessings aliingia, lakini alisimama karibu na moto ambapo maji ya ubwali, ugali wa hapo, yalikuwa yameanza kuchemka.

Walikuja kwa mwendo wa kawaida, kama watu wanaokwenda kwenye mkutano. Kati yao walisema Kibemba. Walipofika uani wakageukia Kiswahili cha sokoni, wanachotumia na Wakongomani wakinunua mafuta na kuuza samaki, ili asikose hata tusi moja.

Webby alianza kwa heshima, na hilo ndilo lililomtisha Débora. "BanaBlessings," akasema, yaani mama Blessings, kisha akamwita shemeji: "Mulamu wangu. Tulimuzika yaya yangu Jairos sisi benyewe, ao hatukumuzika?"

"Mulimuzika."

"Bon. Asubuhi hii jina yake iko pa mulango. Sanduku mpya. Nani alimufungulia?"

"Hakuna mutu alimufungulia. Ni mashine. Barua ilikuja, mashine ikafungua yenyewe."

Wanaume wakatazamana. Alikuwa amesema ukweli mtupu, na hakukuwa na uongo ambao ungemdhuru zaidi. Sanduku lililofunguka lenyewe, kwa mtu aliyekufa, ndani ya chumba ambacho ufunguo wake anao mjane na mwenyekiti tu. Mzee mmoja alitema mate chini.

"Yenyewe," Webby akarudia. "Mashine inajua benye balikufa, yenyewe. Weye unamuweka wapi, mulozi? Analala wapi? Anakula nini?"

Débora akaanza kueleza juu ya daftari na folda. Hakumaliza sentensi. Kofi la kwanza lilimgeuza uso. Alipoinua mkono kujikinga na la pili, lilikuja kasia. Kasia la mninga lilimpata juu ya kiganja cha kulia, na mfupa ukalia, sauti ndogo kavu ambayo hata waliosimama mbali waliisikia. Débora alipiga magoti. Mtu akampiga teke ubavuni, mwingine mgongoni. Walipiga bila kelele, wakipishana, kila mmoja akitaka awe ameshiriki.

Blessings akatoka na sufuria. Hakupiga mayowe. Alimmwagia maji yanayochemka mtu aliyekuwa karibu zaidi, kuanzia shingoni hadi mgongoni, na yule mtu alilia kama mbuzi, akajirusha kwenye beseni la nguo. Wengine wakamshika binti kwa misuko ya nywele, wakamburuta mpaka ukutani, wakampiga mdomoni mpaka akatema jino. Pierrette alimlalia juu. Naye wakampiga, lakini kidogo, kwa sababu wengi wao walimuuzia samaki na wangemhitaji Machi.

Wawili walivunja mlango wa stoo, wakatoa injini, wakaiweka kwenye toroli. Hakuna aliyeuliza injini inahusikaje na uchawi.

Mmoja wao alikuwa na petroli kwenye chupa ya maji. Akauliza waanze na nyumba au na mwanamke. Webby alifikiri. Akasema nyumba ilijengwa na kaka yake, na kwanza mwanamke awaonyeshe sanduku, waone kilichomo. Kama Jairos yumo humo, wamtoe. Baada ya hapo mwenye chupa afanye kazi yake.

*

Kutoka nyumbani mpaka kontena ni mwendo wa dakika kumi. Siku hiyo ulikuwa karibu saa nzima. Walimtembeza katikati ya barabara, mkono wake wa kulia ukining'inia na kuvimba. Kitambaa cha ufiwa alichofunga kichwani walikivua wakampa mtoto mmoja akichezee. Wanawake waliokuwa wakianika nguo walimtazama wakaingia ndani. Mmoja, ambaye Débora alimsomea barua ya mwanawe juzi tu bila kumdai kitu, alimmwagia maji ya samaki miguuni, kisha akajipangusa mikono haraka, kama aliyelipa kitu akamalizana nacho.

Blessings alifuata nyuma, Pierrette amemshika kiuno. Walimwambia abaki. Hakubaki.

Ba Kunda alikuwa mlangoni pa kontena amevaa koti lake la mikutano. Ndiye aliyemsukuma Débora aharakishe folda, na ndiye aliyeagiza jina libaki daftarini. Angesema maneno hayo mawili, pengine lile kundi lingelegea. Alitazama chupa ya petroli. Akafungua kufuli, akasogea pembeni, akasema taratibu kwamba yeye ni mtu wa chama, mambo ya mashine hayajui.

Débora alimtazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limeziba. "Mukwai, unajua sana," akasema, kwa neno lile la kumheshimu mkubwa. Ba Kunda akaangalia viatu vyake.

Waliingia watatu: Débora, Webby na ba Kunda. Wengine walibanana mlangoni. Joto lilikuwa kali, na feni ilizungusha harufu ya petroli na ya damu yake mwenyewe. Aliketi, akaandika neno la siri kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, akakosea mara mbili. Webby alimshikia kasia shingoni muda wote. Hakuligandamiza, aliliacha tu lipumzike pale.

Folda ya Jairos ilikuwa na umri wa siku tatu. Ndani yake mlikuwa na barua moja. Débora hakujua imetoka wapi. Alitarajia tangazo, au makosa ya mtu. Aliifungua, akaisoma kimya.

Ilikuwa jibu kutoka ofisi ya leseni. Ilimwambia Ndugu Jairos Mutale kwamba ombi lake la leseni ya boti, lililopokelewa tarehe ishirini na tisa Januari, limekubaliwa, na afike na kitambulisho. Chini kulikuwa na namba ya simu ya mwombaji.

Jairos alizikwa tarehe tano Januari. Na namba ile Débora aliijua. Ilimpigia mara tatu kuomba injini.

Mwaka jana Webby alikamatwa na nyavu za chandarua, akanyimwa leseni. Hakuwa na jina safi, basi akaazima la kaka yake aliyekuwa chini ya udongo kwa siku ishirini na nne. Alijaza fomu kwenye kibanda cha simu, na anwani ya barua aliinakili kutoka leseni ya zamani ya marehemu bila kuifikiria, kwa kuwa alijua folda ile imefutwa. Alitegemea wampigie simu. Hawakupiga. Waliandika barua, na barua ikajenga sanduku.

Sasa hivi, akiwa amesimama na kasia, bado hakuwa ameunganisha mambo hayo. Alikuwa akisoma kwa shida, midomo ikicheza, na alikuwa bado kwenye jina.

Débora alikuwa na muda mfupi sana, na aliutumia kufikiri vizuri. Akiisoma barua ile kwa sauti, wale wa nje wataelewa nani aliliamsha jina. Alijua watafanya nini. Miaka miwili iliyopita, mtu aliyeiba nyavu alipigwa mawe hapo hapo ufukoni, na Débora alipita asubuhi yake kwenda kazini akaona kilichobaki. Akikaa kimya, chupa ya petroli ilikuwa mlangoni, na nyuma ya chupa alikuwa amesimama Blessings, mdomo umevimba.

Hakupima zaidi ya hapo.

"Ba Kunda," akasema kwa sauti ambayo mlangoni waliisikia. "Barua ni ya leseni. Mutu aliomba leseni kwa jina ya Jairos, tarehe makumi mbili na kenda, Jairos akiwa kaburini. Namba yake ya simu iko hapa. Piga."

Ba Kunda akasita. Kisha akatoa simu yake, kwa sababu kupiga namba ni jambo ambalo mtu wa chama anaweza kulifanya bila lawama. Akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, akisoma kutoka kwenye kioo.

Simu ililia mfukoni mwa Webby. Ililia wimbo wa kwaya.

Webby aliitoa, akaitazama kama mtu aliyeokota kitu cha mwingine. Débora aliona uso wake unavyoelewa, hatua kwa hatua: fomu, kibanda, anwani. "Mulamu," akasema polepole, "miye sikujua inaweza..."

Mkono mmoja ukaingia mlangoni, ukamshika kola.

*

Watu waliompiga asiye na kosa hawana subira. Wanamtaka mwenye kosa haraka, na wanampiga kwa makosa yake na kwa yao. Walimtoa Webby nje, wakamwangusha mchangani. Kasia lake mwenyewe lilikuwa la kwanza. Yule aliyeuliza waanze na nyumba au mwanamke sasa alisema kwamba Webby amewadanganya wamwage damu ya mjane wa kaka yake, kwamba ameuza jina kabla ya mkeka. Mzee aliyetema mate alikuja na jiwe. Walimvunja meno, walimvunja mbavu, walimruka tumboni kwa zamu. Alimwita kaka yake. Jambo hilo liliwakasirisha zaidi.

Petroli haikumfikia. Ba Kunda aliivuta ile chupa kutoka mkononi mwa mtu akaimwaga chini, na hilo ndilo jambo pekee alilofanya siku hiyo ambalo angeweza kulisimulia baadaye. Alilisimulia sana.

Débora alibaki ameketi ndani ya kontena. Kupitia mlangoni aliona miguu, na kati ya miguu, mkono unaofunguka na kufumba. Blessings aliingia akasimama mbele yake, akamzibia asione. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyewatazama tena. Pierrette ndiye aliyesema mwishowe, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kwamba sasa Webby anakufa.

Polisi walipofika ufuko ulikuwa mtupu. Ndugu wa Webby, wote waliokuwa na makasia, walikuwa wamesukuma boti kwenda kisiwani. Hawakumchukua. Askari wawili walimtupa Webby nyuma ya pikapu, wakamwambia Débora apande mbele na mwanawe, maana na yeye alikuwa anahitaji hospitali.

*

Hospitali ya misheni ilikuwa na foleni ndefu kama kawaida. Walimfunga Débora mkono, wakamshona nyusi. Blessings aling'olewa kipande cha jino kilichobaki. Ilikuwa bado mchana, jua kali dirishani.

Muuguzi akatoka chumba cha pili akauliza nani ndugu wa Webby Mutale. Tumbo lilikuwa linavuja damu ndani na daktari alitaka kumpasua sasa hivi, lakini lazima ndugu atie sahihi. Aliuliza mara ya pili. Askari akatazama dari.

"Niko hapa," Débora akasema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mulamu wake. Miye ni mujane wa kaka yake."

Muuguzi alitazama bandeji, akatazama jicho, akaelewa zaidi ya alivyotaka. Akamletea karatasi. Kupitia mlango uliokuwa wazi Débora alimwona Webby kitandani, uso hauna umbo. Webby naye alimwona. Aliomba maji. Aliomba kwa Kiswahili, kwa hiyo alikuwa anamwomba yeye.

"Hapana," Débora akamjibu. "Watakupasua. Hunywi kitu."

Blessings alimshika mkono mzima, ule wa kushoto, kabla haujaifikia kalamu. Alisema kwa Kibemba, maana hasira zake zote alijifunza kwa lugha ya baba yake. Alisema asiandike. Alisema wamwache. Walikuwa wameleta petroli, mama, petroli, na sasa unamwekea sahihi.

Débora alimwacha amalize. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akaiweka karatasi gotini, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda. Ilimchukua muda. Muuguzi akaichukua akakimbia.

"Sikiliza," akamwambia binti yake. "Akikufa leo na miye niko nyumba nalala, kesho watasema nimekula ndugu bote bawili. Barua wataisahau. Ile simu wataisahau. Watakumbuka tu jicho yangu ilikuwa kavu."

"Na akikufa uko hapa?"

Débora hakumdanganya. "Sijui," akasema. "Lakini itakuwa ngumu zaidi kusema."

Pierrette aliwaambia kuna kivuli nyuma ya jengo, kuna nyasi, anaweza kujilaza mpaka waletewe habari, mbavu zipumzike. Débora alikataa. Aliinuka akishikilia ukuta, akapita benchi mbili zilizokuwa na nafasi, akafika ile iliyo kando kabisa ya mlango wa chumba cha upasuaji, pale kila anayeingia hospitali lazima apite amwone. Akakaa hapo, mkono umening'inizwa kwa bandeji shingoni, uso wazi, akaanza kusubiri.